Waliobaki Nyuma ya Ngoma: Kisa cha Ushirika Unaotembea Kampala

Kisa hiki kinahusu kikundi cha Wakristo wa Kampala wanaozungumza Kiswahili, ambao kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakiabudu kwa kutembea. Jumamosi moja ya mwezi Mei walitoka Nsambya kwenda Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda, kwa miguu, watu wapatao 60. Waliofika pamoja na kufunga sala hawakuzidi nusu. Miezi iliyofuata sehemu kubwa ya waliobaki njiani haikuonekana tena, na viongozi wakaandika katika taarifa yao kwamba ushirika umegawanyika kwa sababu ya Rozari, sala ya Wakatoliki. Nimezungumza na waliofika na wasiofika, na nimetembea nao kabla na baada ya siku ile. Sikubaliani na taarifa. Kilichowagawa kilikuwa mwendo, na Rozari ikabebeshwa lawama kwa kuwa ndiyo iliyosikika. Jambo hili linaweza kulipata kanisa lolote linalotoka nje ya kuta zake na kuimba barabarani, ndiyo maana nalieleza kwa kirefu. Jina la kikundi na ya watu wake nimeyaacha.

Kikundi na asili yake

Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga nyumba zote za ibada kwa ajili ya korona. Tarehe 3 Juni mwaka ule, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda iliadhimishwa bila mahujaji, jambo ambalo waliozoea kuona Namugongo ikifurika watu kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Rwanda hawakuwahi kulifikiria. Katika miezi hiyo ndipo familia chache za Wakongo waliopanga Nsambya na Katwe zilianza kutembea asubuhi wawili wawili, wakisali kwa sauti ya chini. Wakajiunga Wakenya wafanyabiashara wa mitumba, kisha wanafunzi wa Kitanzania. Makanisa yalipofunguliwa, kila mmoja alirudi kwake Jumapili, lakini Jumamosi moja kila mwezi wakaiweka kuwa ya barabara.

Ndani ya kikundi wamo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste. Kinachowaweka pamoja ni lugha. Mtu wa Bukavu au wa Kakamega anaweza kukaa Kampala miaka kumi akiomba Mungu kwa Kiganda cha kuokoteza, akisikia mahubiri nusunusu. Hapa anasali kwa lugha inayomtoka bila kutafuta neno.

Na kuimba kwa Kiswahili katika mitaa ya Kampala si jambo dogo. Tangu enzi za jeshi la mkoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, na mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, wazee wengi wa mji walikuwa tayari wanakijua kama lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kumbukumbu haifutwi kwa marekebisho ya katiba. Nimeona mama wa Kiganda muuza ndizi akisimama, amekunja uso, aliposikia kundi la watu linakuja na Kiswahili, halafu uso ukafunguka alipotambua kwamba ni wimbo wa kanisa. Kwangu hiyo peke yake ni huduma, hata kama hakuna aliyehubiriwa.

Njia zao za kawaida ni fupi. Hupanda Rubaga kwenye kanisa kuu la Wakatoliki, wakashuka na kupanda Namirembe kwa Waanglikana, wakasali milima yote miwili. Katika Kwaresima hufanya Njia ya Msalaba kwa vituo vyake 14. Safari ndefu ya mwaka ni ya Namugongo, na huiweka siku chache kabla ya 3 Juni ili wasimezwe na umati.

Siku yenyewe

Waliondoka Nsambya saa 12 na nusu asubuhi. Mkataba wao wa siku nyingi ni kwamba kipande cha kwanza ni cha Rozari, Wakatoliki wakisali kwa sauti na wengine wakitembea kwa kimya au wakiomba moyoni. Wakifika Nakivubo wanasimama pamoja, wanasoma Maandiko, na kuanzia hapo ni mapambio ya wote. Nakivubo wameichagua kwa sababu. Ndipo alipouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa kwanza wa Kikatoliki, tarehe 15 Novemba 1885, na Atanasi Bazzekuketta mwezi Mei uliofuata.

Hadi Nakivubo walikuwa kundi moja. Baada ya hapo ngoma ilitangulia. Vijana wapiga ngoma walikuwa na spika ndogo inayobebwa mgongoni, na nyimbo walizochagua zilikuwa za kasi, zile za Kikongo ambazo miguu yenyewe inazifuata. Kiongozi wa siku alitembea nao mbele kabisa. Kwenye mpando wa Kamwokya pengo likaanza kuonekana. Bukoto, sehemu ya kwanza ilivuka barabara na ya pili ikazuiwa na magari.

Ntinda ndipo kisa kilipoamuliwa, ingawa siku ile hakuna aliyeona. Walio mbele walikaa kivulini robo saa, wakanyoosha miguu, wakafunga upya viatu. Walipowaona wa nyuma wanatokea, kiongozi akasema, "Haya, wamefika, tuendelee." Wakainuka. Wa nyuma walifika mahali pa kupumzikia wakati wenzao wanaondoka, na kwa aibu ya kuchelewesha watu hawakukaa. Kwa hiyo wenye nguvu walipumzika na waliochoka hawakupumzika kabisa. Nilipowauliza baadaye, watu wanne tofauti walinitajia Ntinda kabla sijaitaja mimi.

Karibu na Kiwatule mvua ilishuka. Mei bado ni mwezi wa masika huku, haikuwa ajabu. Wa mbele walijikinga kwenye kituo cha mafuta, mvua ikapungua, wakasonga Naalya hadi Kyaliwajjala, ambako maji na ndizi vilikuwa vimepelekwa mapema kwa bodaboda. Wakala, wakanywa, wakaingia Namugongo saa 5 na ushee. Walisali, wakapiga picha mbele ya basilika, wakafunga kwa baraka.

Nyuma walikuwamo mama wa Kikongo aliyevuka miaka 60, mwenye goti bovu, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, baba wa Kikenya aliyekuwa akiwashika mkono wanapovuka barabara, na wengine waliopungukiwa pumzi. Waliachana wao kwa wao kwenye mvua. Yule mama mzee alijikuta peke yake kwenye baraza ya duka. Kiganda hakijui, na simu yake haikuwa na salio. Bahati mwenye duka alikuwa Mnubi, Mwislamu, anayesema Kiswahili. Alimpa kigoda na chai ya rangi, akamwitia bodaboda anayemfahamu, akapatana naye bei. Mama alirudi Katwe. Simu ya kwanza kutoka kwa viongozi ilimfikia jioni.

Kwa nini Rozari ililaumiwa

Taarifa ya viongozi ilisema kwamba baada ya Bukoto "kikundi cha Rozari kilijitenga" kinyume cha mkataba. Ni kweli kwamba watu wa nyuma walisali Rozari, na ni kweli kwamba kijana aliyetumwa kurudi kuwahimiza aliwasikia. Alichokiona hakikuwa uongo.

Lakini ulizeni kwa nini walisali Rozari. Ngoma ilikuwa mbali, hawaisikii. Hawakuwa na kitabu cha nyimbo wala kiongozi. Mama mzee, kwa kuwa kimya kilikuwa kizito na miguu inauma, alianza sala anayoijua kwa moyo tangu utoto, inayokwenda sawa na hatua za mtu aliyechoka. Kati ya waliotembea naye kulikuwa na wanawake watatu wa Kipentekoste. Mmoja aliniambia, "Mimi siisali. Lakini nilishukuru kwamba kuna mtu anaomba kwa sauti karibu yangu." Kwa maneno mengine, umbali ulitangulia, Rozari ikafuata. Viongozi waliona matokeo wakayaita chanzo.

Ushahidi mwingine uko katika majina ya walioacha kuja. Kama ugomvi ungekuwa wa madhehebu, wangeondoka wa upande mmoja. Walioondoka ni Wakatoliki na Wapentekoste, na Mlutheri mmoja. Wanachofanana ni kwamba wote Jumamosi ile walikuwa nyuma. Na mbele walikuwapo watu wawili ambao kwa miaka mingi wamebishana waziwazi juu ya sala kwa watakatifu. Hao wote wawili bado wanakuja, na bado wanabishana.

Mama mzee, nilipomtembelea, hakutaja Rozari wala mvua. Alinikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani, na tulipofika kwenye jambo lenyewe alisema: "Mwanangu, mimi sikukasirika. Nilielewa tu kwamba ile safari haikuwa ya watu kama mimi." Nadhani katika sentensi hiyo kuna uchambuzi mwingi kuliko katika taarifa nzima. Alitoka kuabudu na ndugu zake, na barabara ikamfundisha, bila mtu kusema neno, kwamba ndugu zake wanaweza kumaliza ibada bila yeye na wasione upungufu.

Kumbukumbu ya njia hiyo

Kuna jambo linalonisumbua zaidi kwa sababu ya njia yenyewe. Mwishoni mwa Mei 1886 Kabaka Mwanga wa pili, mfalme wa Buganda, aliwahukumu vijana wake wa ikulu pale Munyonyo, na wakapelekwa Namugongo kwa miguu, wamefungwa. Wengi wao walichomwa moto 3 Juni, Karoli Lwanga na Kizito wakiwamo. Kwa jumla Kanisa Katoliki linawakumbuka mashahidi 22 wa miaka 1885 hadi 1887, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa sita tarehe 18 Oktoba 1964, na Kanisa la Uganda linawakumbuka Waanglikana 23.

Wapo ambao hawakufika. Gonzaga Gonza alikuwa amefungwa minyororo iliyomkata miguu, na aliposhindwa kuendelea na mwendo wa wenzake aliuawa kwa mkuki huko Lubaawo, 27 Mei. Kwa wale wauaji, aliyeshindwa kutembea alikuwa mzigo wa kuondolewa njiani. Upande wa pili wa msafara uleule, masimulizi yanasema Kizito, mdogo kuliko wote, aliogopa, na Lwanga akamwahidi kumshika mkono. Kwa hiyo katika safari ile kulikuwa na namna mbili za kumtendea mdhaifu, na anayekwenda Namugongo kwa miguu leo anakumbuka moja kati ya hizo, apende asipende, kwa jinsi anavyotembea. Siwalinganishi vijana wa ngoma na wauaji, hasha. Walikuwa na furaha na hawakujua. Lakini ukienda kuwaheshimu watu kwa kuiga safari yao, basi na kile kilichoifanya kuwa safari ya kindugu kinapaswa kuigwa, si kilomita peke yake.

Biblia nayo imesema mengi kuhusu nyuma ya msafara kuliko tunavyozoea kuhubiri. Katika Kumbukumbu la Torati 25, kosa la Amaleki linalokumbukwa ni kwamba aliwapiga Waisraeli waliokuwa dhaifu nyuma, wamechoka na kuzimia. Katika Hesabu 10, mpangilio wa kuondoka umetajwa kabila kwa kabila, na kabila la Dani linawekwa kuwa la mwisho, nyuma ya makambi yote, kama kazi rasmi. Yakobo katika Mwanzo 33 anakataa kufuatana na Esau na watu wake, kwa sababu ana watoto na wanyama wanaonyonyesha, na wakiharakishwa hata siku moja watakufa. Anasema atakwenda polepole kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Esau alikuwa amekuja kwa wema, na Yakobo hakumwonea haya.

Nazipenda zaidi habari za kijito cha Besori, 1 Samweli 30. Daudi ana watu 600, na 200 wanachoka wasiweze kuvuka. Wanabaki na mizigo. Waliokwenda vitani wanaporudi, baadhi wanasema wale wasigawiwe nyara. Daudi anakataa na kuifanya kuwa amri: fungu la aliyebaki na vyombo ni sawa na la aliyeshuka vitani. Kila ninapoona kikundi cha matembezi kinapiga picha ya "waliofika", nakikumbuka kijito hicho.

Mambo yanayoonekana madogo

Kikao cha kwanza cha kusuluhisha kilitumia saa mbili kwenye Rozari na hakikupata kitu. Kikao cha pili aliitishwa mama kijana aliyekuwa na mtoto, na alipoulizwa kwa nini alichoka mapema hivyo, akajibu kwamba hakunywa maji tangu alfajiri. Kwa nini? Kwa sababu hakujua choo kiko wapi. Wanawake kadhaa wakasema walifanya vivyo hivyo. Wanaume waliopanga njia hawakuwahi kuliwaza hilo, maana mwanaume barabarani hujificha popote. Hapa ndipo penye kiini cha mambo mengi ya matembezi ya ibada Afrika Mashariki: watu hupanga nyimbo, masomo na fulana, na hawapangi choo. Mwanamke asiyekunywa maji kwa saa tano, juani, amebeba mtoto, ataanguka, na akianguka tutasema shetani anapinga hija.

Walichofanya kilikuwa rahisi. Waliandika barua kwa parokia na makanisa yaliyo njiani, wakaomba vyoo na kivuli cha dakika 20. Hakuna aliyekataa. Vituo viwili vya mafuta navyo vilikubali. Orodha hiyo sasa husomwa kabla ya sala ya kuondoka, na wanawake wenyewe ndio wanaoisoma.

Maji hayatangulizwi tena kwa bodaboda. Yanabebwa, na wanaoyabeba ni vijana wenye nguvu, tena sehemu kubwa ya mzigo iko nyuma. Kwa njia hii nguvu ya kijana inapata kazi na mwendo wake unapungua bila kuambiwa apunguze. Viatu vilijadiliwa kwa ukali kidogo, kwa sababu wapo waliotaka kupiga marufuku kandambili, na mzee mmoja akakumbusha kwamba wapo wasio na viatu vingine. Iliamuliwa kutopiga marufuku chochote. Badala yake kuna mfuko wa plasta, spiriti na soksi. Kuhusu barabara: Uganda magari hupita kushoto, basi watembea kwa miguu wanakaa kulia, wakiyatazama magari yanayowajia, kwa mstari wa watu wawili, na mwenye fulana ya kung'aa anakuwa wa mwisho. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na kituo cha polisi cha karibu hupewa taarifa. Wakongo wengi ni wakimbizi, na ingawa sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa uhuru wa kutembea, hutulia zaidi wanapojua kwamba askari ameshaambiwa na kitambulisho kiko mfukoni.

Sheria waliyoitunga kuhusu mapumziko naiona kuwa bora kuliko zote. Saa ya kupumzika inaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishaketi. Basi. Haijalishi wa kwanza amekaa muda gani.

Yaliyokwenda vizuri na yasiyokwenda

Agosti walijaribu upya, safari fupi kutoka Nsambya kwenda Munyonyo kupitia Kabalagala na Kansanga. Kiongozi wa ushirika alikwenda kwa mama mzee mwenyewe, hakutuma ujumbe wa simu, akaomba radhi na kumwomba aje. Alikuja. Kwa bahati mbaya walikuwa wamesoma mahali kwamba aliye dhaifu awekwe mbele kabisa, wakamweka. Hakupenda hata kidogo. Alijiona kama anaonyeshwa, magari yakimjia usoni na watu 40 wakihema nyuma yake wakisubiri hatua zake. Alipofika Kabalagala aliomba kurudi katikati.

Hapo ndipo mpiga ngoma mmoja, kijana wa Goma, alitoa wazo ambalo nadhani liliokoa ushirika. Alisema ngoma iondoke mbele, ije karibu na mama, na nyimbo zichaguliwe kwa hatua zake. Tenzi za taratibu zikachukua nafasi ya mapambio ya kasi, na yale ya kasi yakawekwa akiba kwa ajili ya vituo, ambako wenye nguvu wanaweza kucheza hadi jasho liwatoke huku wengine wameketi wakipiga makofi. Sauti ikiwa katikati, wa mbele hawawezi kukimbia mbali, kwa kuwa hakuna anayependa kutembea nje ya wimbo. Na kiongozi akawa anatembea wa mwisho kabisa. Luka 24 inasimulia wawili waliokwenda Emau, mwendo wa kilomita kama 11, na Yesu aliyekaribia akafuatana nao. Kiongozi wa ushirika huu ameipokea namna hiyo ya uongozi, na imembadilisha. Akiwa nyuma anasikia habari ambazo kule mbele hakuzisikia kamwe: nani amefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, nani hajapata dawa.

Bei ipo na lazima isemwe. Safari zimekuwa ndefu. Mara nyingine wamefika Misa ikiwa imekwisha, na hilo kwa Wakatoliki si dogo. Vijana watano hivi wameondoka na kujiunga na matembezi ya usiku ya kanisa lingine, yenye kasi wanayoitaka. Sioni kwamba ni hasara ya kufichwa wala ya kulaumiana. Mtu wa miaka 20 ana haki ya kumtolea Mungu mbio zake pia.

Pingamizi lenye uzito zaidi lilitoka kwa mzee wa Kikenya, katekista wa zamani. Alisema hija bila mateso ni matembezi ya afya, na kwamba watu wanaotembea kutoka Fort Portal, kama kilomita 300, au kutoka Mbarara, hawamsubiri mtu. Nimemfikiria sana mzee huyu kwa sababu ana sababu. Jasho ni sadaka. Lakini mahujaji wa majimbo wanaotembea siku nyingi hutembea kwa vikundi, hulala parokiani na shuleni njiani, na huangaliana. Uchungu wao ni wa wote. Kilichotokea Kiwatule kilikuwa uchungu wa watu wachache uliobebwa na hao wachache, wakati wengine wanapumzika. Nilimjibu hivyo kwa heshima, na hakuridhika moja kwa moja. Tangu wakati huo, hata hivyo, ndiye anayebeba dumu kubwa la maji nyuma.

Walioacha kuja hawajarudi wote. Wengi wamerudi, wakiwamo wale wanawake watatu wa Kipentekoste. Mama kijana mwenye mtoto amehamia makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa ndugu zake. Mlutheri amesema wazi kwamba ana uchungu bado na asibembelezwe, na viongozi wamefanya vizuri kuliheshimu neno lake.

Lililobaki wazi ni la mwaka huu. Mama mzee anataka kuwa Namugongo tarehe 3 Juni yenyewe, si Jumamosi ya kabla, na wengine wamevutwa na hamu yake. Katika umati wa siku ile hakuna ngoma itakayosikika wala mtu wa mwisho atakayeonekana. Kutoka Nsambya wote pamoja ingekuwa kurudia Mei ile kwa makusudi. Ushauri niliowapa ni kwamba wenye nguvu watoke Nsambya alfajiri, wazee na wenye watoto waanzie Kyaliwajjala na mtu anayejua Kiganda, na wote wakutane kwanza upande wa Waanglikana, Nakiyanja, saa iliyopangwa, kabla yeyote hajakwenda kwenye basilika. Sala isianze hadi orodha ya majina isomwe na kila jina liitikiwe, la aliyetoka Nsambya na la aliyeanzia Kyaliwajjala bila tofauti. Kamati imekubali mahali. Saa bado wanaijadili, kwa kuwa wa Nsambya wanasema saa 3 ni mapema mno na mama anasema saa 4 jua litakuwa limeshakuwa kali.